Mpangaji Ni Nani?

6 Februari 1988

Wifi yangu Kasuku,

Salamu nyingi kutoka kwetu, zangu na za mwanao, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu anasoma kila neno ahakikishe nimemtaja. Basi nimemtaja. Amepanda darasa, amerefuka mpaka sare niliyomshonea mwaka jana imekuwa aibu, na amejifunza kunijibu. Nikimwambia aache, anasema amemrithi shangazi yake. Kwa hiyo lawama nakuletea wewe.

Mama miguu inaendeleaje? Mwambie aikande kwa maji ya moto kweli, si kuchovya vidole na kusema tayari. Mimi nipo na cherehani yangu. Msimu wa sare za shule umepita, sasa ni kubadili zipu na kupunguza viuno vya watu waliokonda au kupanua vya walionenepa. Wa pili ni wengi zaidi, na ndio wenye hasira, kana kwamba ni mimi niliyewalisha.

Sasa nimemtuma mtoto dukani ili nikuandikie kilichonifanya nishike kalamu.

Mzee mwenye nyumba amechoka, amemkabidhi mwanawe wa kiume nyumba zote. Jumapili iliyopita huyo mwana alikuja. Nilimpa kiti, hakukaa. Alisimama pale kibarazani na viatu vyake vinavyong'aa, akaniambia kuanzia mwezi ujao kodi inapanda kwa nusu.

Nikamwuliza, "Barua iko wapi?"

"Barua ya nini? Kwani mdomo wangu una kasoro?"

Nikasema itabidi nizungumze kwanza na mwenyewe, mume wangu. Wifi, alicheka. Akasema, "Mwenyewe yupi? Mkataba una jina la mumeo. Huyo simwoni hapa. Wewe kwangu ni abiria tu."

Halafu akachungulia uani, akaona gauni jeupe limeanikwa kwenye kamba. Akauliza ni la nani. Hapo ndipo na wewe nikwambie nililokuwa sijakwambia. Tangu Novemba nimempa mkunga wa zahanati kile chumba cha nyuma. Ni mtu mtaratibu, anarudi amechoka, analala, na tunasaidiana kodi. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilidhani nyumba niliyoifagia miaka yote hii inaniruhusu. Kumbe kwenye mkataba imeandikwa mpangaji asipangishe mtu mwingine bila kibali cha mwenye nyumba. Kijana akatia kidole pale pale. Amesema ama nilipe anachotaka, ama nitoke mimi na huyo mpangaji wa mpangaji.

Hujasikia lolote la kaka yako? Hata la kusikia kwa watu? Nikimpata yeye akaja akasimama hapa kwa miguu yake, mambo yote haya yatakwisha siku moja. Unajua alivyo. Akishuka tu kutoka juu ya paa analoezeka, watu wanampisha.

Nakusubiri.

Wifi yako, Sindano


20 Februari 1988

Sindano wangu,

Barua yako ilinikuta nimeloa mpaka viwikoni. Mashine kubwa ya kufulia hapa hospitali imekufa tena, na mashuka ya wodi tatu tunayasugua kwa mikono kama zamani za bibi. Nimeisoma nimesimama, nikaificha kwenye aproni, nikaisoma tena wakati wa chai. Wasimamizi wetu wakijua natumia wakati wa chai kulia badala ya kunywa chai, watanikata mshahara.

Mama yupo. Miguu ndiyo hiyo. Ulivyoandika kuhusu kuchovya vidole nilimsomea kwa sauti, akakasirika, akasema wewe una macho marefu. Kisha akakanda kweli. Anakupenda kuliko mimi, nimeshazoea.

Kuhusu kaka yangu, huyo Rubani wetu wa juu ya mapaa, sina jipya. La mwisho ni lile nililokwambia mwaka jana, kwamba kuna aliyemwona akiezeka maghala huko mbali. Mama anaulizia kila jioni. Namjibu "kesho", na kesho yake namjibu "kesho". Mwaka wa tatu huu. Ningekuwa na neno lake ningepanda basi nikuletee mwenyewe, nisingeiamini posta.

Lakini huyo kijana wa viatu amenipandisha mori. Abiria! Mwulize, abiria gani aliyelipa nauli miaka kumi na mitatu mfululizo na bado anaambiwa hana kiti? Wifi, usikae hapo unatetemeka. Huku kwetu kuna mwenzetu wa kupiga pasi aliyetaka kutolewa hivyo hivyo, akaenda baraza la nyumba. Hakwenda na wakili wala mjomba mwenye cheo. Alikwenda na kitambaa kichwani tu, na wakamsikiliza. Na kwenu lazima lipo. Nenda. Uliza ni nini haki yako, ukiwa na haki tutajua, na ukiwa huna pia tutajua.

Na huyo mkunga, mbona ulinificha? Ulidhani nitasema umempa mtu chumba cha kaka yangu? Kweli, nilisema. Nilisema kimoyomoyo, kisha nikajionea haya. Kodi hailipwi kwa kumbukumbu.

Mbusu mwanangu. Mwambie kumjibu mama ni kazi yenye ufundi wake, nikija nitamfundisha vizuri zaidi.

Kasuku


14 Machi 1988

Wifi Kasuku,

Hatujambo. Mvua zimeanza. Mwanao ana kikohozi lakini si cha kutisha, mkunga amemsikiliza kifua na kusema ni cha kutaka kukosa shule.

Nimekwenda baraza. Niliwaza wataniuliza mengi, kumbe nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi na watu wenye matatizo makubwa kuliko yangu, nikaona haya kidogo. Mmoja aling'olewa mlango na mwenye nyumba wake. Mwingine yeye ndiye mwenye nyumba, mzee kabisa, mpangaji hamlipi na anamtukana juu. Kwa hiyo usidhani ni sisi tu tunaolia.

Karani ni mama mmoja mwenye mafua, kila sentensi mbili anapenga. Lakini alinieleza polepole. Amesema kodi haipandishwi kwa mdomo. Kijana lazima aandike notisi, anipe muda, na kama sikubali, baraza ndilo litaamua kama kiasi ni halali. Mpaka hapo niendelee kulipa kodi ile ile ya zamani, na akiikataa niiweke pale barazani ili asije kusema sikulipa. Nilifurahi mpaka nikataka kuondoka.

Akaniita, "Mama, rudi, hatujamaliza."

Kuhusu mkunga, nina kosa. Kibali kilitakiwa kwa maandishi kabla hajaingia. Mwenye nyumba akiombwa hawezi kukataa hivi hivi tu bila sababu, lakini mimi sikuomba.

Halafu akauliza habari ya mkataba. Nikamwambia jina ni la mume wangu. Akauliza yuko wapi. Nikasema amesafiri kikazi. Akauliza lini, nikamwambia. Akaweka kitambaa chake cha mafua chini, akaniangalia. Akasema, "Sikiliza. Mke anayeishi kwenye nyumba si mpangaji wa mpangaji, hilo asikutishe nalo. Mume akiwa ameihama nyumba, wewe uliyebaki unaweza kutambuliwa kuwa ndiye mpangaji, kwa haki yako. Lakini lazima useme mbele ya baraza kwamba ameihama. Ukisema amesafiri na atarudi, basi mpangaji bado ni yeye, na anayepaswa kuja kujibu ni yeye, si wewe."

Wifi, ni neno moja tu. Amehama. Nimeshona mashati ya watu wasiohesabika, lakini neno hilo nilishindwa kulitoa. Nikamwambia nitafikiri.

Nifikiri nini? Mvua ikianza usiku, bado nasikiliza kama atapanda juu kutazama bati, na kuanza kumtukana fundi aliyeezeka kabla yake. Nikisikia mtu anapiga mluzi barabarani nageuka. Mkunga ameshanizoea, hata haniulizi tena ni nani. Nikisema mbele ya watu kwamba amehama, nitakuwa nimemfukuza mimi. Na akirudi siku ya pili yake nitamweleza nini?

Na kuna jingine, lakini hilo acha.

Mtafute, wifi. Uliza mafundi wa paa, wanajuana. Aje aseme mwenyewe.

Sindano


3 Aprili 1988

Sindano,

Hatujambo wote. Mama hajambo sana.

Jumamosi ya tarehe 16 usiende kokote. Usipokee kazi ya mtu. Kaa nyumbani na mtoto, na mkunga mwombe akatembee kwa marafiki zake siku hiyo.

Usiniulize kwa nini.

Kasuku


19 Aprili 1988

Wifi,

Wewe ambaye kurasa tatu kwako ni salamu tu, uliniandikia mistari minne. Nani asingeelewa?

Nitakueleza Jumamosi ilivyokuwa. Nilifanya usafi tangu Alhamisi. Ijumaa nilisuka nywele. Mwanao aliniuliza tunaenda wapi, nikamwambia hatuendi. Akaniangalia, unajua macho yake, akaenda kuoga bila kuambiwa. Tulipika, tukafunika chakula. Nilivaa lile gauni la bluu kisha nikalivua kwa sababu nilionekana kama ninayesubiri, nikavaa la kila siku, nikaona hilo linaonyesha nimechoka, nikarudia la bluu. Ungekuwepo ungenicheka mpaka ukae chini.

Basi la asubuhi liliingia. Nilisikia honi yake kule stendi. Tukangoja muda wa mtu kutembea kutoka stendi mpaka kwetu, kisha muda wa mtu anayetembea polepole, kisha muda wa mtu aliyekutana na rafiki njiani. La mchana nalo likaingia. Mlango ukagongwa. Mwanao alikimbia mpaka akaangusha stuli.

Alikuwa ni yule kijana wa viatu. Amekuja na mtu wa kupima vyumba kwa futi. Anataka kugawa sebule iwe vyumba viwili apate wapangaji zaidi. Akaona meza imeandaliwa, akasema, "Ooh, mlinisubiri?"

Nilimwambia nimepeleka jambo lake barazani na asiguse ukuta. Sijui nilitoa wapi ile sauti. Alitoka, ila mtu wake wa kupima alisema samahani.

Chakula tulikila jioni. Mwanao alikula, kisha akasema, "Mama, labda basi liliharibika." Nikamwambia labda. Jumapili tukaona mabasi yote yamefika.

Ulimtuma yeye, sivyo? Ulimwona? Niandikie, wifi. Usinihurumie.

Sindano


12 Mei 1988

Wifi Kasuku,

Natumaini wewe na Mama hamjambo. Sisi wazima.

Umenyamaza. Barua yangu ya mwezi uliopita najua umeipata, kwa sababu ile ya mwanao aliyoiweka kwenye bahasha hiyo hiyo umeijibu, umemwandikia habari za paka wa hospitali anayelala kwenye mashuka safi. Amecheka sana. Mimi nimeisoma mara nyingi nikitafuta kama kuna la kwangu katikati ya habari za huyo paka.

Kesi imepangwa tarehe 14 Juni. Kijana ameandikiwa wito. Mkunga ameanza kufunga vitu vyake, anasema hataki kuwa sababu ya mtu kutolewa nyumbani. Siku hizi mwanao haulizi tena. Nilidhani kutoulizwa kutanipumzisha.

Sijakasirika na wewe. Niliandika ukurasa mzima wa hasira, nikauchana, kwa sababu nilipofika chini nikagundua sina mtu mwingine wa kumwandikia.

Sindano


23 Mei 1988

Sindano wangu, mke wa kaka yangu,

Nisamehe kwa kimya. Kila siku nilikaa kukuandikia nikaishia kumwandikia mtoto habari za paka.

Alikuja. Ilikuwa mwisho wa Machi, barua yako ya baraza bado iko kwenye aproni yangu. Nilirudi kazini nikakuta mtu amekaa kwenye ngazi na mfuko wa vyombo vya kazi. Amekonda, nywele zimerudi nyuma, lakini alipotabasamu nilimjua. Mama alimshika uso kwa mikono miwili na hakumwachia mpaka mboga ikaungua.

Sikukwambia kwa sababu yeye aliniomba. Alisema, "Usimwandikie, nitakwenda mwenyewe, nataka nimshtukize kwa furaha." Ndipo nikakuandikia ile mistari minne. Hiyo ndiyo iliyonishinda kuizuia.

Nilimsomea barua yako. Nilipofika pale pa bati na mvua aliinuka akatoka nje. Aliporudi nikamwuliza kama kuna mwanamke mwingine. Akasema hakuna. Nilimwamini, na wifi, ingekuwa rahisi zaidi kwetu kama angekuwepo. Ungekuwa na mtu wa kumchukia. Nikamwuliza basi ni nini? Akasema kazi ile ya kwanza iliharibika, hakulipwa, akaona haya kuandika. Mwezi wa pili akaona haya zaidi. "Kila mwezi niliokaa kimya," akasema, "uliufanya unaofuata kuwa mrefu zaidi." Mwisho akawa hajui aanze na neno gani.

Nikamwambia aanze na "hodi".

Alifanya vibarua hapa wiki mbili ili asije mikono mitupu. Alimnunulia mtoto viatu kwa kukisia, na mimi nikajua ni vidogo lakini sikusema. Tarehe 15 nilimsindikiza stendi. Nilimkatia tiketi mwenyewe. Alipanda, akakaa dirishani, akanipungia mkono. Nilisimama pale mpaka basi likapinda kona, nikarudi kazini naimba. Wenzangu wakauliza nimepata bwana?

Nilipopata barua yako ya tarehe 19 nilikwenda stendi nikamngoja utingo wa lile basi. Alimkumbuka. Alisema fundi mwenye mfuko mzito alishuka kituo cha tatu, akasema amesahau kitu na atapanda linalofuata. Utingo akamwambia tiketi itakuwa imekufa. Akasema haidhuru.

Ndiyo yote ninayojua. Sijamwambia Mama. Yeye anadhani yuko kwako, na kila jioni sasa haulizi, anatabasamu tu. Unaona nilivyojiweka?

Kuna neno moja alilisema siku ya mwisho, wakati nakunja nguo zake. Nilimkumbusha kuhusu kijana na mkataba na baraza. Akasema, "Nyumba ni ya aliyekaa. Mwambie." Nikampa kalamu aandike hivyo, akaishika, akairudisha. Mimi nakuandikia badala yake.

Nenda tarehe 14, useme. Huko si kumfukuza, Sindano. Umemfungulia mlango siku nzima na meza imeandaliwa. Aliyeshuka kituo cha tatu ni yeye.

Ulisema kuna jingine, ukaniambia niliache. Nadhani nalijua, kwa sababu na mimi ninalo. Ndilo lililonifungia mkono mwezi mzima. Niliogopa kwamba ukishajua haji, hutakuwa na sababu ya kuniandikia.

Kasuku


19 Juni 1988

Wifi yangu,

Nimeandika "wifi yangu" nikasimamisha kalamu, nikaitazama, nikaona bado ni kweli. Hilo ndilo lilikuwa jingine. Nilikuwa nawaza nikisema amehama, nitakuwa nimejitoa na kwako na kwa Mama kwa kinywa changu mwenyewe. Kwa hiyo tulikuwa wajinga wawili, kila mmoja upande wake wa posta.

Barua yako niliisomea uani. Nililia, siyo kidogo. Mkunga aliniletea maji akakaa kando yangu, nadhani ndivyo wanavyofundishwa kazini. Kisha nikaenda nikamalizia suruali ya mtu, maana alikuwa anaifuata saa kumi.

Tarehe 14 nilivaa la bluu. Mwenyekiti wa baraza ni mama wa makamo, sauti ndogo, lakini akiongea hakuna anayekohoa. Kijana alikuja na viatu vyake, na nyuma yake, wifi, alikuwepo mzee mwenyewe, ameegemea fimbo. Sikutegemea.

Kijana alisema mpangaji wake ni mume wangu, mume hayupo, mimi nimekalia nyumba bila mkataba na nimeingiza mtu kwa siri. Alisema vizuri, kama mtu aliyekariri.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mumeo yuko wapi?"

"Sijui."

"Amesafiri au amehama?"

Nikawaza kile kituo cha tatu. Sijawahi kukiona, lakini nilikiona: vumbi, na mtu anashusha mfuko.

Nikasema, "Amehama. Yeye ndiye aliyehama. Mimi sikuhama hata siku moja."

Kijana akaruka, "Si mnaona? Amekiri!" Mwenyekiti akamwambia akae. Akamwuliza mzee, "Baba, hii miaka yote mume hayupo, kodi umekuwa ukiipokea kwa nani?"

Mzee akachukua muda kusimama. "Kwa huyu mama. Kila mwezi. Hata mwezi aliougua alimtuma mtoto."

"Uliwahi kumwambia hana haki ya kukaa?"

"Ningemwambiaje, na ndiye aliyekuwa akinilipa?" Kisha akamwangalia mwanawe, siyo kwa ukali, kwa uchovu tu. "Huyu hakuwepo. Hajui."

Basi wakaamua. Mpangaji ni mimi, na mkataba utaandikwa upya kwa jina langu. Kodi inabaki ilivyo mpaka kijana alete notisi ya maandishi, na hata akileta, nina haki ya kuipinga. Ukuta wa sebule usiguswe. Kwa mkunga nilikosa, na mwenyekiti alinikaripia mbele za watu: kuishi muda mrefu kwenye nyumba hakunipi ruhusa ya kupangisha kimyakimya. Mkunga atoke, na nikimtaka arudi niombe kibali kwa barua. Amehamia kwa mwenzake kwa sasa. Ameacha gauni moja kwenye kamba, sijui kwa kusahau au kwa makusudi.

Ulidhani nitakuambia nilitoka nacheka. Nilitoka, nikafika kwenye ngazi za nje, nikakosa pa kuweka mikono. Nilishinda, na niliyetaka kumwambia ni yeye. Hicho ndicho kichekesho chake. Bado nasikiliza mluzi, wifi. Sijui kama baraza lina uamuzi juu ya hilo.

Sasa nisikilize. Chumba cha nyuma ni kitupu. Njoo. Njoo na Mama. Achana na mashine inayokufa kila mwezi, hapa kuna hospitali pia na mashuka yake ni machafu vile vile. Nilimwuliza yule karani wa mafua kama ndugu wanahitaji kibali. Akasema familia ya mpangaji si wapangaji wa mpangaji. Akauliza ni ndugu gani. Nikasema wifi yangu na mama mkwe.

Akasema, "Dada wa yule uliyesema amehama?"

"Ndiyo."

"Sasa huyo bado ni wifi?"

Nikamjibu, "Aliyehama ni mume. Wifi hakuhama."

Akapenga mafua, akaandika. Nimepaka chumba rangi. Nimemwambia mkunga asirudi kwanza. Nakitunza chumba, kiko tayari, siku yoyote mtakayokuja.

Sindano wako


10 Julai 1988

Sindano wangu,

Jibu lile ulilompa karani nimewasimulia wenzangu wote wanaofua. Yule mwenzetu wa kupiga pasi alisimamisha pasi mpaka shuka likaungua. Tumekatwa mshahara wote, na hakuna aliyelalamika.

Mama nilimwambia. Nilikaa naye kitandani nikamweleza kila kitu, stendi, dirisha, kituo cha tatu. Nilidhani atanipiga. Akauliza tu, "Na mkwe wangu ameipata nyumba?" Nikasema ameipata. Akasema, "Basi." Kisha akageukia ukutani.

Habari ya kuja huko kwako nimeifikiria kila siku. Nimejiona jikoni kwako, nimejiona nagombana na wewe juu ya chumvi. Nilimwambia Mama tufunge mizigo. Amekataa. Anasema kaka yangu alimkuta kwenye nyumba hii, na kama ni kurudi tena atarudi hapa hapa, kwa hiyo yeye hatoki. Nimebembeleza, nimepandisha sauti. Ni mama, na huyo ni mwanawe, sina baraza la kumpeleka. Na mimi siwezi kumwacha peke yake akitazama ngazi.

Kwa hiyo siji, Sindano. Siyo mwaka huu. Mwakani sijui. Nimeandika hilo na mkono unauma kana kwamba nimefua wodi tano.

Basi nataka unifanyie hili moja. Kesho, kabla hujagusa cherehani, mwandikie mwenye nyumba barua uombe kibali cha mkunga. Uandike kwa heshima, ubaki na nakala. Akikataa bila sababu, unaijua njia. Mkunga akirudi, mpe ufunguo.

Chumba usinitunzie. Umeshamtunzia nafasi mtu mmoja wa ukoo wetu miaka mitatu, usianze upya na mimi. Siku nitakayokuja nitalala kitandani kwako, utasogea ukutani, tutaongea mpaka mtoto atugongee ukuta tunyamaze. Kwangu hiyo nafasi inatosha.

Kasuku